Kibanda Umiza Wameshashangilia, Kwako Mpira Bado uko kwa Golikipa

Haiwezekani. Haiwezekani mtu mwenye akili zake timamu alipie intaneti ya nyumbani, alipie programu ya mpira, anunue TV ya inchi 55 kwa mkopo wa kikoba, halafu goli la Simba alisikie kwanza kutoka kibanda umiza. Kwenye TV golikipa anafuta jasho, anapoteza muda, mpira anao mikononi. Nje mtaa mzima umeshalipuka: vuvuzela, honi za bodaboda, jirani anagonga ukuta kwa furaha. Watoto wanakugeukia: "Baba, tumefunga?" Unajibu nini, wewe mkuu wa kaya? Unakohoa.

Penalti ndiyo mbaya zaidi. Kwako mpigaji ndiyo kwanza anauweka mpira, anavuta pumzi. Nje kimya. Kimya cha msiba. Unajua tayari kwamba kakosa, na inabidi ukae na siri hiyo, uso mkavu, mbele ya wageni.

Na hapa asitokee mtu akasema tunapenda kulalamika. Sisi ni watu wa kuvumilia. Tulipanda bati tukiwa na antena mkononi, "Imeshikaaa?" "Bado! Rudi pale pale!" Ikaja 31 Desemba 2012, analojia ikazimwa Dar es Salaam, tukapanga foleni ya ving'amuzi bila kelele. King'amuzi nacho tumekilea, tukakivalisha kitambaa cha kufuma, mpaka tulipochoka kulipia chaneli mia ili tuangalie nne. Tukahamia mtandaoni kistaarabu kabisa. Malipo yake ndiyo haya.

Sasa mtu akishasikia goli la jirani mara ya pili, anakimbilia simu: niongezeeni kasi, nitoeni 20 Mbps nipelekeni 50. Anaongezewa. Jumamosi jirani anashangilia kwanza vile vile. Kasi haihusiki hapo! Mpira wa mtandaoni unakatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6, kila kipande kinasindikwa na kupelekwa kwenye seva, na programu yako haianzi kuonyesha mpaka iwe na vipande kama vitatu kibindoni. Hizo ni sekunde 18, hujahesabu kusindika wala kusafirisha. Nusu dakika nyuma ya uwanja ni kawaida tu. Mwenye dishi, kama hao wa kibanda umiza, picha yake inapanda kilomita karibu 36,000 mpaka kwenye satelaiti, inashuka nyingine kama hizo, na inamfikia bado ya moto. Wewe wa kisasa unasubiri.

Tena kila kale kaduara kanapozunguka unazidi kuachwa, maana programu nyingi zikizinduka huendelea pale zilipoishia, haziruki mbele. Bonyeza kile kitufe cha kurudi mubashara, au funga programu uifungue upya, utazirudisha zile sekunde za nyongeza. Zile za msingi hazirudi. Labda ufunge madirisha, na kwa joto hili nani atafunga madirisha kwa ajili ya Simba na Yanga?

Wala kasi yenyewe si kubwa kama tunavyotishwa. Netflix wenyewe wameandika: 3 Mbps kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, 15 kwa 4K. Basi 20 Mbps inayofika kwenye TV ingetosha baba, mama na mashangazi wa tamthilia. (Na wewe unayeshusha filamu ya GB 2.5 huku umeshika kiuno: Mbps ni biti, si baiti, gawanya kwa 8. Ishirini yako ni MB 2.5 kwa sekunde. Kapike chai, ni dakika 17.) Ila hiyo ishirini inafika mlangoni tu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye TV inafia ndani ya nyumba yako mwenyewe, na anayeiua ana kitambulisho shingoni.

Fundi wa faiba anaahidi saa tatu asubuhi. Anaingia saa kumi jioni, na adabu nyingi mpaka unakosa pa kuanzia kugomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, tulisema saa tatu…"

"Foleni mzee."

Foleni! Kaja na bodaboda.

Anavua viatu mlangoni, hilo tumpe. Halafu haulizi nyumba ina vyumba vingapi, wala kuta ni za tofali gani. Anauliza TV iko wapi. Hapo msiba umeshaingia. Ruta itakwenda nyuma ya TV, ndani ya kabati la vioo, katikati ya picha ya harusi na seti ya vikombe ambayo haijawahi kunywewa chai, kwa sababu tu soketi iko hapo. TV mgongoni ni bamba la chuma, na chuma hakipitishi mawimbi. Unamwambia kwa upole: "Fundi, si tuiweke koridoni, katikati ya nyumba, juu juu, usawa wa kichwa?" Anakutazama kwa huruma.

"Waya hautafika mzee."

Rola zima la waya analo begani.

Haya, waya uende anakotaka yeye. Ndani ya ule waya kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Ukiukunja sana mwanga unavujia kwenye kona. Faiba ya kawaida inataka kona ya mviringo yenye nusu kipenyo cha milimita 30. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya majumbani huvumilia 10, nyingine hata 7.5. Fundi hana habari ya mviringo. Anafuata fremu ya mlango, akifika pembeni anaukunja kama goti, anapigilia kibanio cha waya wa umeme, kisha anaufunga mlango juu yake kuonyesha kwamba unafunga. Unafunga kweli. Kwenye kile kiboksi kinachopokea mwanga wa faiba, taa ya LOS inawaka nyekundu.

"Fundi, hiyo nyekundu?"

"Inatafuta mtandao mzee."

Haitafuti kitu! LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki, au umefika hoi. Anachomoa kichwa cha waya, anakipuliza. Kwa mdomo. Anakifuta na pindo la fulana, anakipuliza tena kwa msisitizo. Kitu kinachosafishwa kwa spiriti safi na karatasi isiyoacha nyuzi, kinapewa mate na jasho la Mbagala.

Halafu macho yako yanaona rangi. Kichwa cha waya ni cha bluu, tundu ni la kijani. Vichwa vya kijani vimesagwa ncha kwa mshazari wa digrii 8, vya bluu havina mshazari. Ukivichanganya vinaingiana, vinabana, vinatoa na mlio mzuri, ila nyuso hazikutani vizuri na mwanga mwingi unapotelea hapo.

"Fundi, hii bluu kwenye kijani ni sawa?"

"Rangi tu hizo mzee. Hata sisi Yanga tuna rangi mbili."

Unamwomba apime. Kipimo cha mwanga anacho kiunoni, ila mpaka umwombe. Usomaji wa kawaida kwa nyumba uko kati ya -8 na -27 dBm, hicho ni kipimo cha nguvu ya mwanga, na kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Ikisoma -19 au -20, lala usingizi. Ikisoma -26 imefika, lakini inaning'inia ukingoni, siku mtoto akivuta waya kidogo umekwisha. Kwako imesoma -26.4. "Ipo ndani ya kiwango," anasema, na sauti yake ina fahari ya mtu aliyepata alama 31 kwenye mtihani wa kufaulu kwa 30.

Sasa onyesho lenyewe. Anasimama hatua moja kutoka kwenye ruta, simu karibu iiguse ruta yenyewe, anafungua programu ya kupima kasi, na programu inachagua seva ya kampuni yao wenyewe, hapo hapo mjini. Mshale unapanda: 18, 19, 21! "Umeona mzee? Imezidi!" Tayari karatasi ya saini iko mapajani kwako. Mwambie apime akiwa chumbani, mlango umefungwa, tena kwa fast.com, ambayo inavuta kutoka kwenye seva za Netflix zenyewe. Mwambie arudi saa mbili usiku, kila mtu akiwa nyumbani, maana faiba nyingi za majumbani mwanga wa Gbps 2.5 unagawiwa nyumba 32, pengine 64, na wote mnataka tamthilia moja. Mwambie. Ameshavaa kiatu kimoja.

"Nenosiri nimeweka moja mpaka nane mzee. Utabadilisha."

Nani amewahi kubadilisha? Muulize kijana wa duka la jirani, anaangalia bure tangu siku hiyo.

Huduma kwa wateja tusiwaguse, watatuambia tuzime tuwashe.

Ndiyo maana tunaishia kujifanyia wenyewe. TV ikiwa haihami, ipelekee waya wa mtandao: Cat5e inakwenda mpaka mita 100, sebule yako ina ngapi? TV nyingi zina tundu la waya linaloishia 100 Mbps na watu wanalidharau, wakati 4K inataka 15. Wi-Fi iachie simu. Na kama ni lazima Wi-Fi, iweke TV kwenye masafa ya 5 GHz kama haiko mbali na ruta. Hiyo ina kasi ila kuta za tofali za saruji zinaiumiza. Ile ya 2.4 inapenya zaidi lakini ina njia (chaneli) tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na ukipima kwenye nyumba za kupanga za Sinza utakuta mtaa mzima umejazana kwenye 6 kama daladala ya mwisho. Hamia 1 au 11. Usiseme umeambiwa na nani, maana wakijua wote watahamia.

Mwenye kale kakifaa ka filamu za mtandaoni ka kuchomeka kwenye TV kanakojizima katikati ya filamu: hakajarogwa. Umekachomeka umeme kwenye tundu la USB la TV, na tundu la kawaida hutoa nusu ampea. Kenyewe kanataka ampea nzima au zaidi. Tumia ile chaja iliyokuja nako. Ndiyo, ile uliyompa shemeji.

Wale wa bando la simu siwasemi sana, wana mzigo wao. Saa moja ya HD inaweza kula GB 3. Mechi moja, GB 6 zimekwenda, bado uchambuzi.

Umeme nao. Ukikatika TV inazimika, hilo tumezoea, lakini na ruta inakufa, hata simu yenye chaji haina pa kushika. Kuna vile vibetri vya ruta vya volti 12. Usidanganyike na 10,400 mAh iliyoandikwa kwa herufi kubwa, hiyo inahesabiwa kwa volti 3.7 ya seli za ndani. Ni kama Wh 38, yaani wati 38 kwa saa moja. Ruta na kiboksi chake vikila wati 10, unapata saa tatu na ushee. Angalia kwanza mgongo wa ruta kama ni 12V kweli, maana ziko za 9V, na ukizipa 12 ndiyo umeaga.

Na ukishapanga yote hayo, waya, njia, betri, chaja, unakuja upepo usiokuhusu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na huku Tanzania kila mwanaume mwenye nyumba akawa amepiga magoti mbele ya ruta yake anaizima na kuiwasha. Kitu kimekatika chini ya bahari! Unakisaidiaje kwa kuchomoa plagi Tabata?

Halafu chumba cha uani. Kila nyumba ina kijana wa chumba cha uani anayelalamika Wi-Fi haimfikii, na kila nyumba ina simtank limesimama katikati ya chumba hicho na ruta. Maji yanameza mawimbi vibaya sana. Lita 2,000 za maji ni ukuta. Siku tenki limejaa kijana anakaa barazani na simu juu kama anaombea mvua. Siku tenki tupu, filamu zinatiririka. Kwa hiyo ukimsikia anacheka peke yake uani usiku, usifurahi, nenda kagonge tenki. Hakuna maji. Na hakusema! Amekaa kimya, anaangalia sehemu ya nane, nyumba nzima haina ya kuoga asubuhi. Sasa upige simu boza lije saa nne usiku, na boza likija halipiti, uchochoro una nguzo mpya ya kampuni ya faiba, imechimbiwa katikati kabisa, na haina hata waya mmoja.