Giza la Gordon Willis: ufundi au ukaidi?

Filamu ya The Godfather ilipokuwa ikipigwa mwaka 1971, wakubwa wa studio ya Paramount walikuja juu: picha ni giza mno, na macho ya Marlon Brando hayaonekani. Aliyelaumiwa ni mpiga picha mkuu, Gordon Willis, mzaliwa wa New York. Hakulegeza kamba. Mpiga picha mwenzake Conrad Hall alimpachika jina la Mkuu wa Giza, na hadi leo watu wa kamera bado wanabishana.

Tuanze na taa, maana lawama nyingi zinatokea hapo. Brando alikuwa na miaka 47 na alitakiwa aonekane mzee, Don Corleone, mkuu wa familia ya mafia. Mpambaji Dick Smith alimjazia mashavu na kumkunja ngozi, na mapambo ya aina hiyo hayataki taa ya mbele. Willis akaning'iniza taa juu ya vichwa vya waigizaji, chini yake kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, na pembeni vitambaa vyeusi vinavyoshuka ili kuta zisipate kitu. Kipaji cha uso kikapata mwanga, macho yakazama. Wapinzani wanasema jicho ndilo linalobeba uigizaji, na kwa filamu nyingi wana haki. Lakini huyu ni mzee ambaye hakuna anayejua anawaza nini. Kumficha macho ni sehemu ya kumsimulia. Tena nje ya ofisi yake kuna harusi bustanini, jua kali, nguo nyeupe. Ofisi ile ni giza kwa sababu ya bustani ile. Wanaomuiga husahau nusu hii, wakazima taa filamu nzima. (Hata yeye, katika sehemu ya pili ya 1974, kuna matukio ambayo naona alizidisha.)

Kwenye filamu yenyewe, yaani ule utepe wa ndani ya kamera, ndipo wapinzani wana hoja nzito zaidi. Alitumia Kodak 5254, ya ASA 100 (kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga) kwa taa za ndani. Aliinyima mwanga makusudi, kisha maabara ikaongeza nguvu ya usafishaji kwa stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo nakala hutolewa kwayo, ikatoka nyepesi. Faida yake ni kwamba hakuna wa kuing'arisha nyuma ya mgongo wake: ukijaribu, weusi unageuka kijivu cha maziwa na chembe zinachomoza. Hasara ni kwamba hakuna akiba. Negativu asilia ilichakazwa kwa kutolewa nakala nyingi mno, na mkarabati wa filamu Robert Harris alipoikarabati filamu hiyo, kazi iliyotoka 2008, ilibidi kushauriana na Willis mwenyewe, kwani ndani ya vivuli hamkuwa na mengi ya kuokoa.

Aliyedhani hajui kuwasha taa aitazame All the President's Men ya 1976: chumba cha habari kizima kimewekwa taa za mirija, kweupe pe, hakuna pa kujificha. Giza limebaki kwenye gereji anakokutana mwandishi na mtoa siri. Hata hivyo Oscar ilimpita. Aliteuliwa mara mbili tu, kwa Zelig na The Godfather Part III, na tuzo ya heshima akaipata 2009.

Kwa anayetaka kuiga leo kwa kamera ya dijitali, mbinu ya kunyima mwanga iache. Sensa ikinyimwa hujaza vivuli chengachenga, na ukivipandisha baadaye rangi ya ngozi inachafuka. Piga kwa mwanga wa kutosha, kisha utie picha giza wakati wa kurekebisha rangi. Uso ukae stopu moja au mbili chini ya kawaida, na uache kitu kimoja cheupe ndani ya fremu, dirisha au taa ya mezani, ili mtazamaji ajue giza ni la makusudi. Kwa ngozi nyeusi, taa ya juu peke yake itaacha kipaji kinang'aa na macho hayapo kabisa: tandaza karatasi nyeupe mezani, nje ya fremu, irudishe mwanga kidogo kutoka chini. Ikizidi, uso unakuwa wa filamu ya mizimu. Ikunje nusu, upime tena.