Usitazame Alivyougonga, Tazama Alivyoukosa

Skauti wa besiboli, yaani msaka vipaji, akitoka kumwona kijana wa sekondari huko Marekani, mara nyingi hurudi na daftari limejaa namba: muda wa mbio, kasi ya mkono, kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo. Namba hazina ubaya. Tatizo ni kwamba ndizo nyepesi kupatikana, ilhali kipaji kinachoamua hatima ya mpigaji, yaani kuupata mpira kwa gongo, hakina saa wala rada ya kukipima.

Mizani inayotumika huanzia 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa ligi kuu, MLB. Si wastani wa shule, na hapo ndipo wengi huteleza. Kijana anayetamba kwao huenda leo ni 30 tu, ndiyo maana kila kipaji hupewa alama mbili: ya sasa na ya atakapokomaa. Anayempa mvulana wa miaka 17 alama 50 ya sasa ya kupiga amesahau anamlinganisha na nani.

Hata saa yenyewe hudanganya. Kutoka kwenye sahani ya mpigaji hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia, ni futi 90. Unabonyeza saa gongo linapogusa mpira, unaisimamisha mguu unapokanyaga besi. Sekunde 4.3 kwa anayepiga upande wa kulia, au 4.2 kwa wa kushoto, ni mbio za wastani. Lakini yule wa kushoto ambaye ameshaanza kuchomoka kabla hajamaliza kupiga atakupa muda mtamu usio wake. Uandike, ila uuwekee alama pembeni. Kwa mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, tunapima tangu mpira ulie kwenye glavu yake hadi ulie kwenye glavu ya mwenzake besi ya pili, na sekunde 2.0 hivi ndiyo wastani wa MLB. Kwenye siku za maonyesho anajua fika kwamba atarusha, basi anainuka mapema, tena hana mpigaji wa kumziba. Mpime kwenye mechi, mkimbiaji anapoiba besi kweli, yaani anapokimbilia inayofuata kabla mpira haujapigwa. Na kama mpira umetua futi tano pembeni ya besi, muda huo una faida gani?

Sasa tuje kwenye gongo. Simama upande ambao kifua cha mpigaji kinakutazama: kama anapiga kulia, kaa upande wa besi ya kwanza. Usifuate mpira. Tazama mguu wake wa mbele unapotua, kisha mikono yake iko wapi wakati huohuo. Ikiwa imebaki nyuma, karibu na bega, bado ana akiba ya kungoja mpira unaopinda. Ikiwa imeshavutwa mbele pamoja na uzito wa mwili, mpira wa polepole utamwacha akiwa amejimaliza, anapapasa kwa mkono mmoja.

Halafu hesabu anavyokosa. Kuukosa mpira wa chini uliopinda nje ya eneo halali la kupigia ni kosa la ujana, na wengi hulirekebisha. Kuukosa mara kwa mara mpira wa kasi ya maili 85 kwa saa uliopita katikati kabisa ni habari nyingine, kwa sababu huko juu atakutana na wa 94, na hata ule wa 90 humpa takriban sekunde 0.4 tu tangu utoke mkononi. Mimi namwamini zaidi kijana aliyetolewa mara mbili lakini akaacha mipira mibaya ipite, kuliko aliyepiga tatu dhidi ya mrushaji dhaifu.

Aina ya gongo nayo isikupite. Tangu 2012 magongo yasiyo ya mbao ya sekondari lazima yafikie kiwango cha BBCOR, kilichopunguza mruko wa mpira. Hata hivyo bado yanasamehe: mpira uliogusa karibu na vidole huvuka vichwa vya walinzi wa ndani, pale ambapo mbao ingevunjika. Mpira ukitoka kwenye gongo la chuma kwa maili 90 kwa saa, ni kasi nzuri kwa umri huo. Omba umwone pia akitumia la mbao.

Kwa warushaji nitasema machache. Kasi ya awamu ya kwanza ni ya kupigia picha. Ya awamu ya tano ndiyo ya kuandika. Angalia kama mkono unapunguza mwendo anaporusha mpira wa polepole, maana mpigaji mzuri ataliona hilo mapema. Ulizia idadi ya marusho yake ya wiki hiyo: mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaweka kikomo cha 105 kwa siku kwa wenye miaka 17 na 18, kisha mapumziko.

Mara ya mwisho kumwona mpigaji wako iwe dhidi ya mrushaji mkali kuliko yeye, hata kama itabidi usafiri hadi mechi ya ugenini.