Buti la sivi jointi na bei ya saa ya fundi

Mwaka wangu wa tatu ughaibuni nilipeleka gari langu kuukuu gereji kubadilishiwa matairi, na fundi akaniita nione upande wa ndani wa rimu ya mbele, ambao ulikuwa umetapakaa grisi nyeusi kana kwamba mtu ameirusha kwa brashi. Buti la sivi jointi, yaani ule mpira wenye mikunjo unaoifunika jointi ya shafti karibu na gurudumu, jointi inayoiwezesha shafti kulizungusha gurudumu hata linapokata kona, lilikuwa limechanika. Mpasuko wenyewe haukunishangaza, kwa sababu mpira wa gari lenye umri ule huchoka. Kilichonishangaza ni kwamba fundi hakutaja hata mara moja kubadilisha buti. Alitaja kubadilisha shafti nzima.

Nilipomuuliza sababu, alinieleza waziwazi kwamba kazi ya buti humlazimu aitoe jointi, aioshe, aijaze grisi na kuifunga upya, na kwamba saa hizo zote zingeingia katika ankara yangu, ilhali shafti iliyotengenezwa upya kiwandani hutolewa kwenye boksi na kupachikwa ilivyo. Kwa hesabu ya saa alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya gari langu hakuwa sahihi hata kidogo, kwa kuwa jointi iliyokuwemo ilikuwa ya kiwanda kilichounda gari, haikuwa inalia, na shafti mbadala za bei nafuu mara nyingi huja na jointi duni ambazo hulegea au kutetemesha gari mapema.

Nyumbani hesabu hiyo imepinduka. Kazi ya mikono ni rahisi na spea ni ghali, hivyo fundi wa kwetu hatishiki kuifungua jointi, kuzitoa gololi zake moja moja na kuzikagua kwenye mwanga kabla ya kuzirudisha. Huo ni ujuzi ambao vijana wengi wa gereji za huku hawaupati, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna anayewalipa waupate. Lakini sisi nasi tuna kosa letu, na nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimeliona likiua jointi nyingi nzima: hatuchungulii chini ya gari mpaka lipige kelele.

Kelele ikishaanza, buti halina tena msaada. Jointi ya nje katika magari mengi ni ya aina iliyobuniwa na Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, yenye gololi sita zinazotembea katika mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa, na haina mahali pa kuongezea grisi. Iliyowekwa siku ya kwanza ndiyo inayotegemewa maisha yote. Buti likipasuka, mzunguko wa shafti huirusha grisi nje, kisha maji na mchanga huingia na kuifanya ile iliyosalia kuwa msasa. Mifereji ikishachimbika utasikia mlio wa tak-tak-tak unapokata usukani hadi mwisho na kuondoka taratibu. Jaribu kulia na kushoto mahali palipo wazi: ikiwa gari liko kimya na mpasuko ni wa karibuni, jointi inaweza kuokolewa kwa buti, ikiwa inalia, nunua jointi na usipoteze fedha kwa mpira.

Yangu ilikuwa kimya, kwa hiyo nilinunua buti lenye klipu zake na pakiti yake ya grisi nikaifanya kazi mwenyewe. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini, na baada ya hapo gari likae juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingiza mikono chini. Huku chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huila nati mpaka ikagoma, na nusu ya siku yangu iliishia hapo. Nilifungua boli jointi ya chini, kiungo kinachoishika habu (kitovu cha gurudumu), nikavuta habu nje bila kuchomoa shafti upande wa giaboksi, kisha nikaigonga jointi kwa nyundo ya shaba ikatoka. Niliiosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa, nikaiacha ikauke kabisa, nikaishindilia grisi kwa vidole hadi ikapenya kati ya gololi zote.

Grisi iwe ile nyeusi yenye molibdenamu iliyokusudiwa jointi hizi, si yoyote iliyobaki kwenye kopo. Kabla ya kukaza klipu ndogo nilipenyeza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti ili hewa iliyonaswa itoke, maana buti lililovimba au kunywea hupasuka upesi. Nati ya katikati niliweka mpya na kuikaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Yapo pia mabuti yaliyopasuliwa upande mmoja, ambayo huzungushwa juu ya shafti na kugundishwa bila kufungua kitu. Siyapendi. Tone moja la grisi likigusa ule mshono kabla ya gundi kushika, kazi yote ni bure, tena jointi haijaoshwa ndani. Hata hivyo ni bora mara kumi kuliko ile desturi yetu ya kufunga kipande cha tyubu kwa waya.

Kama ningeweza kuazima kitu kimoja cha huku nikipeleke nyumbani, ingekuwa ile tabia ya kukata gurudumu upande mmoja na kumulika mikunjo ya buti kila gari linapoinuliwa kwa kazi nyingine, kwa sababu mpira huanza kuonyesha nyufa ndogo muda mrefu kabla ya kuachia grisi, na buti lililobadilishwa wakati huo huikuta jointi bado safi.

Ndugu zangu huniomba mara kwa mara niwatumie shafti. Siku hizi huwauliza kwanza kama jointi inalia, na kama hailii, nawaomba wapime unene wa shafti, upana wa mdomo wa jointi na urefu wa buti la zamani. Kisha natuma buti, klipu mbili na pakiti ya grisi, vitu ambavyo vyote kwa pamoja huingia katika mfuko wa koti la msafiri.