Njia za Baiskeli Mlimani: Ninayoyaona Eryri na Ninayoyatamani Kilimanjaro

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie Dolgellau, mji mdogo wa Wales uliomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri, ambayo watu wengi wa nje huifahamu kwa jina la Snowdonia. Nilikokulia, baiskeli ilikuwa ya kubebea mikungu ya ndizi na madumu ya maji, ikiteremka na mzigo na kupanda ikisukumwa kwa mkono. Huku nimeijua baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana, shokapu na gia nyepesi za kupandia, nami naitumia karibu kila Jumamosi. Kadiri ninavyoizoea milima ya ugenini ndivyo ninavyozidi kuufikiria mlima wetu, na jambo ninalotaka kulisema hapa ni kwamba Kilimanjaro inaweza kuwa na njia za baiskeli zilizo bora kuliko hizi, lakini tumekuwa tukizitafuta mahali pasipofaa.

Kaskazini ya mji ninapoishi upo msitu uitwao Coed y Brenin, maana yake Msitu wa Mfalme, uliopewa jina hilo mwaka 1935 kwa heshima ya Mfalme George wa Tano. Katika miaka ya 1990 zilijengwa humo njia maalumu kwa ajili ya baiskeli za milimani, na kwa kawaida msitu huo hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha aina hiyo nchini Uingereza. Njia zake zimepangwa kwa rangi kulingana na ugumu: kijani kwa anayeanza, bluu kwa aliyezoea kidogo, nyekundu kwa mwenye ujuzi, na nyeusi kwa anayejua hasa anachokifanya. Mtu halipi chochote kupita; hulipia tu maegesho ya gari. Mwaka 2025 kituo chake cha wageni, pamoja na mgahawa wake, kilifungwa kwa sababu ya ufinyu wa fedha, na watu wa eneo hili walihuzunika sana, lakini njia zenyewe ziliendelea kutumika.

Mwanzoni nilidhani ubora wa njia hizo unatokana na fedha nyingi. Nilipozipita mara kwa mara, na hasa siku za mvua, ambazo hapa hazihesabiki, nilianza kuona kwamba unatokana na namna wajenzi walivyoyafikiria maji. Njia ya mlimani huharibiwa na maji kuliko inavyoharibiwa na magurudumu. Ujia unaoshuka moja kwa moja kufuata mteremko hugeuka kuwa mfereji. Mvua ya kwanza hubeba vumbi, ya pili hubeba udongo, na baada ya misimu michache hubaki korongo lenye mizizi iliyoning'inia. Kwa hiyo njia za huku hukata mteremko kwa ubavu, zikipanda na kushuka polepole, na wajenzi wengi hujitahidi mwinuko wa wastani usizidi sana asilimia 10. Uso wa njia huinamishwa kidogo kuelekea upande wa bonde ili maji yavuke badala ya kutembea nayo. Kila baada ya hatua kadhaa huachwa kibonde kidogo ambapo maji hulazimika kutoka. Palipo na tope la kudumu, mawe husimikwa wima, yakibanana kama vitabu katika kabati, na kwenye kona kali ukingo wa nje huinuliwa ili tairi lishike bila dereva kufunga breki kwa nguvu, kwa kuwa ni breki za ghafla zinazochimba udongo.

Nilipoyaelewa hayo nilimkumbuka babu yangu, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli. Alikuwa miongoni mwa wazee waliosimamia mfongo, ule mfereji wa asili unaochukua maji korongoni juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi katika vihamba, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba. Wachagga wamechimba mifongo kwa karne nyingi bila vyombo vya kisasa vya kupimia, wakiusoma mteremko kwa macho na kwa mwendo wa maji yenyewe: ukiinamisha mfereji kupita kiasi maji hukata udongo, na ukiusawazisha kupita kiasi hutuama na kupasua ukingo. Elimu hiyo ndiyo ile ile ninayoiona katika njia za Coed y Brenin. Tofauti ni kwamba hapa inatumika kuyafukuza maji njiani, na kwetu ilitumika kuyaongoza yafike shambani. Naamini kwa dhati kwamba mtu anayejua kutunza mfongo anaweza, kwa mafunzo machache, kujenga njia ya baiskeli itakayostahimili masika.

Ni lazima pia nieleze tofauti kubwa inayofichwa na neno hifadhi. Eryri ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mwaka ule ule ilipotangazwa Serengeti. Wafugaji wa kondoo wa Eryri walibaki katika mashamba yao, na hadi leo maelfu ya watu wanaishi ndani ya mipaka ya hifadhi, wana shule, makanisa na maduka, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Wamaasai wa Serengeti waliondolewa mwishoni mwa muongo huo huo. Kilimanjaro, iliyotangazwa mwaka 1973, ilirithi desturi hiyo ya kutenga, na mwaka 2005 mpaka wake uliteremshwa ili kuuingiza msitu ambao kabla ya hapo ulikuwa chini ya usimamizi mwingine. Sipingi ulinzi wa msitu, kwa kuwa vijito vyetu vinatoka humo na nimeona jinsi vinavyopungua. Ninachosema ni kwamba Mwingereza anaposema anaendesha baiskeli ndani ya hifadhi ya taifa, anazungumzia kitu kinachofanana zaidi na vihamba vyetu kuliko na eneo lililo juu ya lango la Marangu.

Kwa sababu watu wanaishi humo, haki ya kupita imelazimika kujadiliwa. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli wa Uingereza na Wales ruhusa ya kutumia njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu hazimo katika ruhusa hiyo. Katika mlima Yr Wyddfa, ambao una urefu wa mita 1,085 na ndio mrefu kuliko yote ya Wales, baiskeli hazipandi wala kushuka kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni kuanzia Mei hadi Septemba, wakati watembeaji wanapokuwa wengi. Hayo ni makubaliano ya hiari, wala si amri, na waendesha baiskeli wengi huyaheshimu. Mimi mwenyewe nimepanda alfajiri ya Juni, nikateremka kabla ya umati, na sikuhisi kwamba nimenyimwa kitu.

Mita hizo 1,085 zinastahili kutafakariwa. Kilele cha juu kabisa cha Wales kiko chini kuliko kibaraza cha nyumba tuliyolelewa. Hata hivyo, sisi tunapozungumzia baiskeli na Kilimanjaro, mawazo huruka moja kwa moja hadi kilele cha Kibo. Hifadhi ilifungua njia ya Kilema kwa ajili ya baiskeli, njia ambayo pia hutumiwa na magari ya uokoaji kufika kambi ya Horombo, na nawapongeza waliobuni jambo hilo. Lakini Horombo iko kwenye mita zipatazo 3,700, ambako hewa ni nyembamba, kichwa huuma, na mwendeshaji wa kawaida hushuka na kusukuma. Safari ya namna hiyo itabaki kuwa ya wageni wachache wenye afya, muda na fedha. Ukanda unaoifaa baiskeli hasa ni ule ulio chini ya msitu, kati ya barabara ya Himo na mpaka wa hifadhi, ambako kuna ubaridi wa kupendeza, kivuli cha migomba na mikahawa, maporomoko ya maji, na vijia visivyohesabika vinavyopita kati ya kihamba na kihamba kando ya ua wa masale.

Nilipokwenda likizo mwaka juzi niliazima baiskeli ya milimani mjini Moshi, nikazunguka vijia hivyo kwa siku nne. Mjomba wangu, mdogo wa mama, aliikagua mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole, "Sasa mjomba, hii haina keria, inabeba nini?" Nilimjibu kwamba inanibeba mimi tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba vijana wa kijiji wangefurahi kuwa na kitu cha kuwabeba wao tu. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kuliko mandhari niliyoyaona.

Katika siku hizo nne niligundua pia kile ambacho Wales haina. Huku naweza kuendesha kwa saa tatu nisisikie sauti ya mtu, na lango la malisho nililolifungua nalifunga nyuma yangu bila kumwona mwenye kondoo. Nyumbani kila kona ina salamu, na mwendo wa baiskeli lazima uwe mwendo wa kuitikia. Akina mama hupita na mizigo ya majani ya ng'ombe inayofunika mabega, watoto hutoka shuleni wakiwa makundi, na mzee hawezi kuruka pembeni kwa sababu mtu anateremka kwa kasi. Anayetaka kuleta njia za baiskeli vijijini asipoanza na hawa, ataleta uadui. Ndiyo maana ningependelea kila njia ijadiliwe katika mkutano wa kijiji, ipangiwe saa zake kama zile za Yr Wyddfa, na isimamiwe na kamati ya watu wale wale wanaoipita kwenda shambani, huku ada ndogo ya mgeni ikibaki kijijini kwa ajili ya matengenezo na kwa ajili ya vijana watakaoongoza na kutengeneza baiskeli.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyeondoka hana haki ya kuwapangia waliobaki. Nalipokea hilo, na kwa sababu hiyo siandiki mpango wa mlima mzima. Nimekwisha kuzungumza kwa simu na mjomba kuhusu ujia mmoja tu, ule unaotoka kanisani hadi kwenye daraja la mto, ambao masika iliyopita uliliwa na maji kiasi kwamba wanafunzi walilazimika kuzunguka. Mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekoma na udongo ungali laini, tutautembea pamoja na mzee mmoja anayeshughulikia mfongo wa ukoo, naye ndiye atakayetuonyesha maji yanataka kupita wapi.