Salfa ya mizabibu na salfa ya mikorosho

Wiki iliyopita nilirudishwa nyumbani saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeingia shambani kufuata mkasi niliousahau jana yake, msimamizi akaniona. Mistari ile ya mizabibu ilikuwa imepulizwa salfa, dawa ya ukungu, jioni, kibao kimesimama pale mwanzoni, na saa za kusubiri kabla ya mtu kuingia hazijaisha. Hakunitukana. Aliniambia nivue nguo za kazi, nioge, nikapumzike, na siku yangu italipwa. Nilifika chumbani nimefura. Kwa ajili ya mkasi? Dakika mbili tu? Halafu nikamkumbuka mjomba, hasira ikahamia kwingine.

Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye mashamba ya mizabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa. Nikipiga simu nyumbani Tandahimba, mkoani Mtwara, swali la kwanza ni kama sijawa mlevi. Sijawa. Huku anayeonja mvinyo kazini anauzungusha mdomoni kisha anautema kwenye ndoo, na sisi wa shambani hata kuonja hatuitwi. Ulevi siuogopi. Salfa ndiyo naijua ubaya wake, na nimeijua kabla sijapanda ndege.

Ugonjwa unaosumbua mizabibu huku ni wa ukoo mmoja na ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho yetu. Unga uleule mweupe, unapenda jani changa na ua. Uliwaingia katikati ya karne ya 19, ukawamaliza kweli, na kilichowaokoa ni salfa. Mpaka leo wanaipuliza. Hata kwenye mapipa ya mbao wanaichoma kipande, pipa tupu lisiote ukungu. Siku ya kwanza niliposikia ile harufu, nilichukua kitambaa nikajifunga puani kama tulivyozoea. Wakanisimamisha hapohapo. Nikapewa barakoa ya chujio, miwani inayoziba pande zote, glovu, na mtu wa kunionyesha jinsi ya kuivaa isipitishe hewa pembeni. Daktari wa wafanyakazi alikuwa ameshasikiliza kifua changu kabla sijashika kazi.

Sasa nirudi kwetu. Mwezi wa saba, alfajiri, umande bado uko kwenye majani ili salfa ishike, upepo haujaamka. Mjomba anajitwika mashine mgongoni, anavuta kamba, inanguruma. Wingu la njano linapanda mpaka kileleni mwa mkorosho, halafu linamshukia yeye mwenyewe. Mimi niko nyuma na ndoo, khanga ya mama imenizunguka uso. Mti kwa mti, mpaka jua litoke. Usiku macho yanawaka kama yamepakwa pilipili, unalala na kitambaa cha maji usoni. Kesho yake mnapewa maziwa, yasafishe kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, ndugu zangu! Salfa tuliivuta kwenye mapafu. Na kile kikohozi cha kila Julai tulikiita mafua ya msimu, wakati kinaanza na magunia ya salfa na kuisha nayo.

Najua tayari kuna anayesema, huyu kakaa Ulaya miaka sita anajiona daktari. Sijioni. Nimebeba ndoo ile tangu darasa la tatu, nina haki ya kuisemea. Mwingine atasema wazee wetu walipuliza na hawakufa. Wazee gani? Salfa imeenea kwetu miaka ya 1980, ubwiri unga ulipozidi. Babu yangu alipanda mikorosho bila kuijua. Na yule atakayesema salfa si sumu kali, nakubaliana naye, kuna dawa mbaya kuliko hiyo. Lakini inachoma macho, inachoma koo, na mwenye pumu inamwamsha usiku. Kwani lazima kitu kiue ndipo tujikinge?

Wala sisemi huku ni peponi. Hawa nao walipuliza dawa yenye aseniki kwenye mizabibu yao mpaka 2001 ndipo ikapigwa marufuku. Mwaka 2012 ndipo serikali yao ilipokubali kwamba ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ni ugonjwa wa kazi kwa wakulima walioshika viuatilifu. Septemba 2023 wavunaji kadhaa walikufa huko Champagne, eneo jingine la mizabibu, wakati wa mavuno, siku za jua kali kupita kiasi. Wamezika watu ndipo wakaweka vibao. Ndiyo maana sioni aibu kuwaiga. Sioni sababu na sisi tusubiri kuzika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatushindwi na akili. Hakuna mtu hapa anayeujua mzabibu wake kama mjomba anavyojua mikorosho yake. Anaangalia ua, anakwambia kilo. Watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele wametupa mbegu bora na utaalamu wa kupuliza. Msimu ukiwa mzuri pikipiki mpya zinajaa kijijini, bati linapanda kwenye nyumba. Tunagombana mpaka usiku juu ya bei ya mnada, makato, kangomba wanaonunua korosho kwa magendo. Tunauliza salfa imefika mifuko mingapi. Sijawahi kusikia mtu anasimama kwenye mkutano kuuliza barakoa ngapi zimefika.

Mwaka juzi nilimpelekea mjomba moja, ya chujio mbili. Akaivaa, watoto wakakimbia wakipiga kelele kwamba lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde anayevaa kinyago, amekuja. Akapuliza miti mitatu, akaivua, akaitundika kwenye tawi. Alisema anakosa pumzi. Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mjomba wake, na nimeshamwomba radhi. Lakini kwenye barakoa sikurudi nyuma.

Juzi alipiga simu mwenyewe. Aliuliza machujio yanabadilishwa baada ya muda gani, maana haya yamekuwa ya njano kabisa. Nikamuuliza, kumbe unaivaa? Akasema yeye bado hapana. Anamvalisha mtoto wa dada yangu, anayebeba ndoo siku hizi. Mkanda ulikuwa mkubwa kwa kichwa chake, mjomba ameufupisha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Machujio nimeyatuma. Nimeongeza na barakoa ya pili.