Shanga zile zile: kudumu katika sala au kuzoea tu?

Mtu anasali Rozari, sala ya shanga ya kutafakari matukio (matendo) ya maisha ya Yesu na Maria. Yuko tendo la pili la uchungu, Salamu Maria ya sita, au ya saba, hana hakika. Vidole vinasogea, midomo inasogea, ila mwenyewe yuko kwenye deni la mwezi uliopita. Anakuja kushtuka amefika kwenye Atukuzwe, sala inayofunga kila kumi la Salamu Maria. Je, amesali?

Swali hilo dogo ndilo linalowagawa Wakatoliki wengi leo. Wapo wanaoshikilia ibada za tangu zamani: Rozari, novena (sala ya siku tisa), Njia ya Msalaba, Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Wapo pia wanaosema yote hayo yamekauka, kwamba Kanisa linahitaji uamsho, Neno la Mungu na sala itokayo moyoni.

Hawa wa pili wana hoja nzito, na haifai kuwapuuza. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anaonya dhidi ya kupayuka-payuka kwa kudhani wingi wa maneno ndio unaosikilizwa. Papa Paulo VI, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa Rozari, aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila kutafakari ni mwili usio na roho, na katika waraka huo huo akasema ni kosa kuisali Misa ikiendelea. Mtaguso wa Pili wa Vatikani nao, mwaka 1963, ulizisifu ibada za waamini lakini ukazitaka zitoke katika liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa kama Misa, na kuwarudisha watu humo. Kwa hiyo anayesema rozari yake inamtosha, huku Misa ya Jumapili ikimpita, asijifiche nyuma ya mapokeo. Mapokeo yanamkana.

Kuna ugonjwa mwingine mbaya zaidi, nao ni kuhesabu. Ni ule ujumbe wa simu usemao kwamba novena hii haijawahi kushindwa, uisali siku tisa na uwatumie watu kadhaa, la sivyo yatakupata. Hapo sala imegeuka hirizi. Hata Ijumaa tisa za kwanza, zilizotokana na njozi za Mtakatifu Margareta Maria Alacoque huko Ufaransa karne ya 17, huwa zinashikwa kama mkataba: nimetimiza tisa, sasa nadai changu. Lakini ibada hiyo inamtaka mtu apokee Komunyo Takatifu kila mwezi, na kwa wengi maana yake ni kupita kwanza kwenye kitubio. Mwenye kutubu miezi tisa mfululizo kwa dhati hatabaki na hamu ya kudai.

Wapenzi wa uamsho huishia hapa wakidhani kesi imekwisha. Wangeendelea kusoma. Mathayo huyo huyo, sura ya 26, anamwonyesha Yesu pale Getsemani akiomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Mtu aliyeelemewa hatungi sala mpya; analishika lile neno moja alilonalo na kulirudia. Basi kinachokatazwa katika sura ya 6 si kurudia, ni kumfanya Mungu kuwa mtu wa kushawishiwa kwa idadi.

Uamsho nao una shida yake, ambayo wenyewe hawapendi kuitaja: unaishi kwa kuguswa. Mafungo yanaisha, nyimbo zinanyamaza, na wiki ya tatu mtu anaamka hana hisia yoyote. Anashika nini? Aliyezoea kupiga magoti saa ile ile kila jioni walau ana mahali pa kukaukia. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa karne ya 16 na mwalimu wa sala, aliungama kwamba kwa miaka kadhaa alitamani zaidi muda wa sala uishe kuliko kuendelea kukaa pale, akitega sikio saa igonge. Lakini alikaa. Sioni namna ambavyo upya wake wa baadaye ungemfikia kama angekuwa ameshaondoka.

Tena hilo tunaloliita la zamani lilikuwa jipya siku moja. Sehemu ya pili ya Salamu Maria, ile ya kuomba tuombewe sasa na saa ya kufa kwetu, iliwekwa rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pio V mwaka 1568. Matendo ya mwanga yaliongezwa katika Rozari na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na wapo ambao hadi leo hawajayakubali. Ibada ya Huruma ya Mungu, kwa namna aliyoieleza Sista Faustina Kowalska, ilizuiwa na Roma mwaka 1959. Zuio likaondolewa 1978, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Leo kuna wanaoitetea kana kwamba ilikuwepo tangu Mitume.

Mimi naegemea upande wa kudumu, ila kwa sharti moja: mtu aruhusiwe kupunguza. Makumi matano yaliyokimbizwa ili yaishe kabla ya usingizi hayana ubora juu ya kumi moja lililosaliwa. Wapo watakaoniona nalegeza kamba. Wamsome Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa aliyefariki 1897 na kutangazwa Mwalimu wa Kanisa miaka mia moja baadaye. Aliandika kwa aibu kwamba kusali Rozari peke yake kulimwia vigumu kuliko kuvaa chombo cha kujitesa, na kwamba kila alipojitahidi kuyatafakari mafumbo, akili ilimtoroka. Hakuiacha. Na siku ambazo roho ilikauka kabisa, asipate hata wazo moja la kumuunganisha na Mungu, alisali Baba Yetu mara moja, polepole sana, kisha Salamu Maria.