Bo Jackson hakuponzwa na michezo miwili

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ikikaribia, ubishi wa kijiweni kwetu Mwanjelwa, Mbeya, ni uleule: kijana anayekimbia mita 1,500 na bado ni winga wa timu ya shule, aachiwe vyote au achague? Juzi mwalimu mmoja mstaafu alitaka kuufunga mjadala kwa mfano wa Mmarekani Bo Jackson. Mshika mbili moja humponyoka, akasema, na yule zilimponyoka zote.

Nisimdhulumu mzee, ana pa kushika. Jackson alicheza besiboli Kansas City Royals na futiboli ya Kimarekani, ile ya kugongana vifua, Los Angeles Raiders. Tarehe 13 Januari 1991, kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati Bengals, alidakwa mguu akiwa mbioni, nyonga ikateguka. Damu ikaacha kufika kwenye mfupa, mfupa ukaanza kufa. Futiboli ikaishia hapo, akiwa na miaka 28, na Royals wakamwacha mwezi Machi. Katika kumbi za magwiji za ligi hizo mbili, hayumo hata mmoja.

Ila hesabu za mechi zake hazimsaidii mwalimu. Kuanzia 1987 hadi 1990 alicheza futiboli mechi 7, 10, 11, kisha 10: jumla 38. Zilikuwa chache kwa sababu kila mwaka alisubiri kwanza besiboli imalizike, wenzake wakiwa wameshaanza msimu wa mechi 16. Kwa hiyo mwili wake ulipigwa vishindo vichache kuliko wa mkimbizaji mpira wa kudumu. Na kwa mechi hizo 38 tu alikimbia yadi 2,782, wastani wa yadi 5.4 kila alipokabidhiwa mpira. Wengi wasiojua mchezo mwingine hustaafu bila kuugusa wastani huo! Kilichomvunja ni mchezo mmoja, siku moja, mkono wa mtu mmoja. Angekuwa mwanafutiboli peke yake, jioni ile si angekuwa uwanjani palepale?

Tena ni mchezo wa pili uliompokea. Aprili 1993, akiwa na nyonga ya bandia, aliingia na Chicago White Sox, na pigo lake la kwanza likatoa mpira nje ya uwanja. Mwaka ule alifanya hivyo mara 16. Mwenye mchezo mmoja angerudi wapi?

Kweli, Jackson alikuwa na madaktari na mshahara. Wetu ana ugali na jozi moja ya viatu, na kocha anayemhofia kuchoka hakosei. Lakini uchovu huo unatoka kwenye ratiba na sahani. Vilima vya Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, vinampa winga pumzi ambayo zoezi la kupiga krosi halimpi. Mimi ningeanza na ratiba: fainali ya mita 1,500 isiwekwe asubuhi ya siku ambayo jioni ana mechi.